Maua ya Nelima, Mahindi ya Wabuge

Eldoret,
Jumapili, 12 Novemba 2023

Kwa Mama mkwe wangu Edinah,

Pokea salamu za heshima. Ninaandika badala ya kupiga simu kwa sababu najua msimamo wako, kwamba mkwe wa kiume kumsemesha mama mkwe sikioni ni sawa na kuingia chumbani kwake bila hodi. Kimeli wa maziwa, atakayekuletea barua hii akija Soy kuchukua mitungi, ameniuliza kama sisi wawili tunaishi karne gani. Nimemwambia abebe barua na aache maswali.

Najua Nelima yuko kwako. Sijui amekueleza nini, kwa hivyo wacha nieleze upande wangu kabla mambo hayajaongezwa chumvi.

Mwaka huu nilipanda mahindi yangu ya kwanza, kwenye kipande nilichokodi kule Sugoi. Kazi yangu unaijua, mimi ni karani wa mizani kwenye ghala la nafaka, na tangu niajiriwe nimekuwa nikipima mahindi ya watu wengine. Baba yangu naye alivuna mahindi ya watu wengine hadi mgongo ukakataa. Sasa nimepata magunia yenye jina langu, na mvua hii isiyo na adabu ikaanza wakati yako uani. Nyumba yetu hujawahi kuingia, basi nikuchoree: kuna sebule, chumba cha kulala, na mbele kuna varanda ndogo ya vioo. Hapo Nelima alikuwa na cherehani yake na yale maua ya majani manene anayoyaita sakulenti. Nilisukuma cherehani pembeni, nikatoa mikebe ya maua nje, nikaingiza magunia. Nilikusudia maua yakae nje kidogo tu, nitafute mahali.

Ikanyesha mvua ya mawe. Nelima alirudi kutoka kanisani akayakuta yamelala kwenye matope, mengine yamepasukapasuka. Alifunga mkoba, akamwambia jirani yetu Emmaculate huku mimi nikisikia: "Siku maua yangu yatasimama tena, na yeye mwenyewe ndiye ameyasimamisha, nitarudi. Kabla ya hapo asinitafute." Namba yangu ya simu ameifungia.

Mama, sijawahi kupanda kitu kisicholiwa. Sijui hata hii mimea inashikwa wapi. Wewe ni mtu wa mkono mzuri, kila mtu Soy anasema. Nielekeze. Nyumba imenishinda bila yeye, na hilo nalisema bila haya.

Mkweo,
Wabuge


Soy,
14 Novemba

Mkwe,

Barua yako imefika ikinuka maziwa, lakini inasomeka. Nimeona unaniheshimu sana. Ungemheshimu binti yangu nusu ya hivyo, mimi saa hii ningekuwa nachambua maharagwe yangu kwa amani.

Ndiyo, yuko hapa. Anakula, analala, na ameamua kunikamulia ng'ombe ambaye hajamzoea, na ng'ombe amepunguza maziwa. Nikimuuliza kitu anajibu "hakuna neno, Mama." Nina umri wa kujua kwamba mtu akisema hakuna neno, maneno yamejaa debe.

Kwanza, usithubutu kutuma wazee. Najua unawaza hivyo. Mzee Murunga wenu atakaa hapa mpaka jogoo wangu aishie kwenye sufuria, atasema methali, atajipangusa midomo, na ataondoka bila kutaja ua hata moja.

Pili, mimi ni mtu wa kabichi na vitunguu. Vidude hivi sivijui, na ukiniuliza mimi, ua lisilonuka na lisiloliwa ni mgeni anayekaa tu. Lakini nimeuliza mtu anayejua, na amesema hivi. Yatoe kwenye matope. Pukuta mizizi, yalaze kwenye gazeti mahali pakavu mpaka mizizi ikauke. Tafuta mchanga wa mtoni na kokoto ndogo, changanya na udongo kidogo, udongo usiwe mwingi. Mkebe lazima uwe na tundu chini. Panda, halafu usimwagilie. Narudia kwa sababu najua nyinyi wanaume mnasoma mstari wa kwanza na wa mwisho: usimwagilie. Majani yale manene ndiyo tangi lao la maji, yameyabeba yenyewe.

Na yawekwe kwenye mwanga mwingi, mahali mvua haifiki.

Edinah


Eldoret,
19 Novemba

Kwa Mama mkwe Edinah,

Asante kwa maelekezo. Nimeyafuata yote, nikaongeza na bidii yangu kidogo.

Nilikausha mizizi. Nilichota mchanga mtoni Sosiani jioni nikitoka kazini, wapita njia wakidhani najenga. Nilitoboa mikebe kwa msumari. Juu ya mchanga niliweka mbolea, ile iliyobaki ya kupandia, kijiko kimoja kila mkebe, kwa sababu mchanga mtupu hauna chakula na sitaki kuambiwa nililaza mimea ya Nelima na njaa.

Kuhusu maji, nimejizuia sana. Ninawapa maji ya kujaza kikombe cha chai tu asubuhi, na nusu jioni. Kusema kweli siwezi kupita mbele ya kitu kilichopandwa kwenye mchanga mkavu nikaenda kazini kana kwamba sijaona. Mikebe nimeiweka juu ya friji, ambapo kuna joto.

Lakini Mama, naona mabadiliko ambayo siyaelewi. Ile inayofanana na waridi, majani yake ya chini yamekuwa ya kuona ndani, kama kitunguu kilichochemshwa. Nikigusa yanaanguka. Ile ndefu yenye majani kama shanga imekuwa nyeusi shingoni. Je, hii ni dalili ya kupona? Mtu akipona homa huwa anatoa jasho.

Msalimie Nelima. Au usimsalimie, fanya unavyoona.

Mkweo,
Wabuge


Soy,
22 Novemba

Mkwe Wabuge,

Nimesoma barua yako nikakaa chini. Kisha nikaisoma tena nikidhani miwani ndiyo mbaya.

Uliambiwa usimwagilie, ukamwagilia asubuhi na jioni. Uliambiwa mchanga, ukatia mbolea ya mahindi. Unataka vidude hivi vitoe magunia? Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na safari hii wewe umevunja la mimea isiyo na hatia. Hiyo siyo kupona. Hayo majani ya kuona ndani yamelewa maji, na hiyo shingo nyeusi ni kuoza.

Yule mtu anayejua, nilipomsomea ile habari ya jasho la homa, alitoka nje akaenda kusimama kwenye zizi. Aliporudi alisema hivi. Chukua kisu, kipanguse na spriti. Kata juu ya weusi mpaka uone ndani pasafi, rangi ya kijani kibichi. Kichwa kilichobaki usikipande. Kiache mahali pakavu mpaka kidonda kifunge kabisa, kiwe na ngozi. Ndipo ukiweke juu ya mchanga mkavu, na ukisubiri, na usikifanye kitu. Mbolea yote itoe.

Na kwa nini juu ya friji? Nani aliona jua likichomoza kwenye friji? Nimekuambia mwanga. Si ipo hiyo varanda ya vioo, ambako yalikuwa siku zote yakiwa na afya?

Nina kazi zangu. Viazi vinaoza shambani kwa mvua hii, na mimi nimekaa hapa naandika habari za kisu na spriti kama daktari wa maua.

Edinah


Eldoret,
2 Desemba

Kwa Mama mkwe Edinah,

Samahani nimekawia. Kazini tumezidiwa, kila mtu anavuna kwa wakati mmoja na foleni ya malori inafika barabarani.

Lakini nina habari njema, kwa hivyo kaa kitako. Maua yamesimama. Yote. Nilikata, nikasubiri, nikafanya ulivyosema, na sasa ukiyaona utadhani hayajawahi kunyeshewa. Ile ya waridi imejaza mkebe. Ile ya shanga inaning'inia vizuri sana. Na ile nyekundu, yenye kofia nyekundu juu ya shina la kijani, hiyo ndiyo imenifurahisha zaidi, inang'aa kabisa. Nimeyapanga kwenye dirisha la bafu, kuna mwanga kiasi.

Kuna na jambo la kukuchekesha. Nilikuwa kwa Wanjohi, yule anayeuza miche karibu na mto, nikimuuliza tu maswali ya kawaida. Akanionyesha mmea mrefu wa majani kama panga, akasema wazungu wanauita ulimi wa mama mkwe. Nilishtuka. Nilimwambia, bwana, kwetu hicho hakiingii nyumbani. Akanipa bure kwa kicheko. Nimeuweka nje ya mlango, mbali na kiti changu, na nikipita nainamisha kichwa.

Basi Mama, nakuomba umfikishie Nelima habari kwamba sharti lake limetimia. Sitaki kumharakisha. Lakini Krismasi inakaribia, na nimechoka kula ugali na maziwa lala peke yangu nikiangalia mlango.

Mkweo mwenye furaha,
Wabuge


Soy,
5 Desemba

Wabuge,

Nelima hajawahi kuwa na nyekundu.

Sasa nikuambie ambalo ungelijua mapema kama ungekuwa mtu wa kuwaza. Yule mtu anayejua ni yeye. Mimi ningetoa wapi habari za spriti na vidonda vya kufunga ngozi? Kila barua yako nilimsomea. Alikuwa akijibu akiwa amenipa mgongo, akijifanya anachambua mchele, na mimi naandika. Alikataa jina lake litajwe. Nilikubali kwa sababu nilidhani, wacha hawa watoto wazungumze kupitia kwa mama mzee, mwisho watachoka wazungumze wenyewe. Kumbe mimi ndiye niliyechoka.

Wiki hizi mbili zilizopita alikuwa ameanza kulainika. Alikuwa akiniuliza kama Kimeli amepita, halafu anajidai anauliza habari za maziwa. Hata ile ya ulimi wa mama mkwe alicheka, na mimi nilicheka, Mungu anisamehe. Lakini kicheko kilipoisha akauliza habari ya ile kofia nyekundu niliyosoma kabla ya hapo. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akasema, "Mama, hayo siyo maua yangu. Amenunua mengine." Njia ya mwongo ni fupi, mkwe, na yako haikufika hata Soy.

Hasira yake ya kwanza nilikuwa naielewa. Hii ya pili ndiyo inayonitisha. Anasema alikuambia usimamishe yaliyoanguka, wewe ukaenda dukani. Anasema je, na yeye akianguka?

Ameniomba nimtume Kimeli achukue cherehani. Unajua maana yake. Mwanamke akiacha cherehani, ameacha mguu mmoja mlangoni. Akiichukua, ameufunga mlango. Tayari amempata mtu hapa sokoni wa kumkodishia kibanda.

Kimeli atakuja Jumamosi. Mimi nitakuja naye, maana macho yangu hayajaona lolote katika habari hizi zote, yameona wino tu.

Edinah


Eldoret,
7 Desemba

Mama mkwe,

Ni kweli. Nilinunua kwa Wanjohi. Sikuanza kwa nia ya kudanganya. Ile ya shingo nyeusi nilikata nikitafuta pasafi, nikakata, nikakata, mpaka nikabaki na kisu tu mkononi. Ile ya waridi ilifumuka yote. Nilikaa sakafuni bafuni na mikebe mitupu, nikaona Krismasi, nikaona kiti chake, nikaenda kwa Wanjohi. Hiyo nyekundu ni yeye aliyenipa nyongeza kwa kuwa mnunuzi mzuri. Laiti angekuwa mchoyo.

Mizoga ya maua sikuitupa jalalani. Nilishindwa. Iko nyuma ya tangi la maji, chini ya paa la jiko, juu ya rundo la magunia mabovu, pamoja na yale majani niliyofagia siku ya mvua ya mawe. Sijui kwa nini nakuambia.

Mama, nakuomba usichukue cherehani. Nitakuwa mtu wa namna gani na pembe tupu pale ilipokuwa?

Kama lazima uje, tufanye kwa adabu. Emmaculate atakupokea. Chai itakuwa kwenye thamosi, juu ya stuli, nje kwenye kivuli. Mimi nitakuwa nimeondoka nyumbani.

Wabuge


Soy,
10 Desemba

Wabuge,

Ulisema utakuwa umeondoka nyumbani. Nyuma ya tangi la maji siyo kuondoka nyumbani. Niliona viatu vyako vya kazi, vile vyenye vumbi la mahindi, kutoka nilipokuwa nimekaa nakunywa chai. Nilimwambia Emmaculate kwa sauti kwamba tangi lenu limeota miguu. Nakushukuru hukukohoa. Mimi nilijitahidi sana kutazama upande wa barabara, mpaka shingo inaniuma hadi leo.

Chai ilikuwa nzuri. Sasa tuje kwenye mengine.

Sikuingia, na sitaingia. Lakini varanda ya vioo haihitaji mtu kuingia ili aone. Wabuge, magunia bado yamo. Yamejaa hadi dirishani, hata mwanga hauna pa kupenya. Mwezi mzima nakuandikia mwanga, mwanga, mwanga. Umeweka maua juu ya friji. Umeyaweka bafuni. Nikikuuliza habari ya varanda unanijibu habari ya foleni ya malori. Umechota mchanga mtoni, umeozesha mizizi, umemtajirisha Wanjohi, umenifanya mimi mama mzee kuwa karani wako. Yote hayo ili usiguse gunia.

Nilikasirika mpaka nikaweka kikombe chini. Nilitaka kukuita utoke hapo nyuma ya tangi, mila ijitenge kando kidogo, nikuulize uso kwa uso. Nikakumbuka wewe ni mkwe. Ndiyo maana nilimgeukia Emmaculate, maskini, nikamsemea yeye. Yote niliyomwambia ulipaswa kuyasikia wewe, na najua ulisikia kwa sababu viatu vilisogea.

Ulimjibu kwa sauti ndogo, nami nikasikia. "Mwambie Mama bei imeanguka. Nasubiri Januari." Nakuelewa. Mume wangu marehemu alisubiri bei maisha yake yote. Mahindi ya kwanza ya mtu ni kitu, sikatai. Lakini binti yangu hakuambiwa asubiri Januari. Alitolewa tu.

Nilipokuwa naondoka nilipita nyuma ya tangi. Wewe ulikuwa umezunguka upande wa pili, na tukazungukana kama watoto wanaocheza kujificha, aibu tupu. Niliona lile rundo la magunia mabovu. Hujalitazama tangu ulitupe, sivyo? Litazame. Yale majani yaliyopasuliwa na mvua ya mawe, yaliyofagiwa, yasiyomwagiliwa, yasiyowekewa kijiko cha kitu chochote, yametoa mizizi ya rangi ya waridi hewani kama uzi. Na kwenye ncha ya kila jani kuna mtoto, mdogo kama punje ya mtama. Hayo ndiyo ya Nelima. Sikugusa.

Cherehani sikuibeba. Kimeli alisema gari limejaa. Gari lilikuwa na mitungi mitupu. Sijui nani amemfundisha uongo kijana huyu, labda ni hizi barua anazobeba.

Kwa Nelima sijasema lolote juu ya majani. Sisemi. Kuanzia leo mimi siyo posta, siyo daktari wa maua, siyo mdomo wa mtu. Ana jina. Mwandikie.

Edinah


Eldoret,
13 Desemba

Nelima,

Sijui kama utaisoma hii, lakini Mama amegoma, kwa hivyo huna mtu wa kukusomea na mimi sina mtu wa kujificha nyuma yake.

Nimetoa mahindi varandani. Nilianza Jumatatu baada ya kazi. Wengi wanakuwa na vijana wa kubeba. Mimi nilibeba peke yangu kwa sababu ni mimi niliyeyaingiza. Mengine yako sebuleni, mengine chumbani kwenye kitanda, maana sakafu huko ina unyevu. Mimi nalala kwenye kiti. Sikuyauza, nisikudanganye tena. Niliposhika la mwisho nilitaka kuita lori nimalize, nikashindwa. Nilimkumbuka baba akifunga mdomo wa gunia la mtu mwingine. Lakini yametoka varandani.

Nilikuwa nimesahau sakafu yake ni nyekundu. Asubuhi jua linaingia mpaka kwenye mlango wa sebule. Cherehani nimeirudisha mahali pake na nimeipangusa. Kuna kitambaa bado kiko kwenye sindano, gauni la mteja wako, sikulitoa.

Majani yako, yale ya kweli, nimeyahamisha kwenye trei ya mayai. Nilitumia kijiko, sikutumia vidole. Yana watoto. Nimeyaweka pale dirishani, siyo kwenye jua kali, nyuma kidogo ya pazia. Sijayamwagilia. Kila asubuhi mkono unaenda kwenye kikombe wenyewe, naurudisha. Ni kazi ngumu kuliko kubeba magunia. Ya Wanjohi nimempa Emmaculate, pamoja na nyekundu. Ule ulimi bado uko nje ya mlango, una afya kuliko sisi wote, kwa sababu ndio pekee niliouogopa kuugusa.

Siku ile niliwaza jambo moja tu, kwamba mahindi yanalowa. Sikuwaza kwamba kulikuwa na kitu kingine pale. Nimejaribu kuandika hili kwa njia inayonipendeza na sijapata.

Siulizi kitu.

Wabuge


Soy,
17 Desemba

Mkwe,

Hii siyo barua, usijizoeshe. Ni karatasi ya kufungia mayai ambayo Kimeli anakuletea kutoka kwangu, kwa sababu nilisema sitaandika tena na mimi ni mtu wa neno langu.

Alisoma barua yako akiwa zizini. Akaisoma tena jikoni. Sikumuuliza lolote. Ng'ombe leo ametoa maziwa mengi.

E.


Soy,
19 Desemba

Wabuge,

Safari hii naandika mwenyewe, na nimekasirika bado. Niandike hilo mwanzo usije ukasoma mstari wa kwanza na wa mwisho.

Mbolea ya kupandia, Wabuge. Kijiko kimoja kila mkebe. Nilisimama zizini nikacheka huku nalia, na ng'ombe akaniangalia. Mimi pia nilipoanza niliua. Lile la kwanza nililopewa na mteja nililimwagilia kila siku likafa, la pili nikalichoma na jua. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba haya maua hayataki nguvu zako. Yanataka mahali tu. Ukiyapa mahali panapofaa na ukayaacha, yanajifanyia kazi yenyewe.

Kwa hivyo ujue sikuondoka kwa sababu ya maua. Ulihitaji nafasi ndani ya nyumba yetu, ukaangalia huku na huku, na kitu cha kwanza ulichoona kinaweza kutolewa kilikuwa changu. Hukuniuliza. Ungeniuliza tungesogeza pamoja, mimi pia nilikuwa nimefurahia mahindi yale. Nilikuwa nimeshona hata mifuko midogo ya kumpelekea kila mtu wa kwenu unga wa kwanza. Iko kwenye droo ya cherehani. Hukuwahi kuifungua.

Nililia sana hapa. Sikutaka Mama aone, lakini Mama anaona hata miguu nyuma ya tangi.

Trei iache nyuma ya pazia kama ulivyoiweka. Jani la mama likinyauka usiling'oe, mtoto bado anamnyonya. Usiwape maji. Nitawapa mimi, kidogo, siku nitakayoona wanahitaji. Ule ulimi usiuhamishe, na majirani wasisikie unaitwaje.

Nakuja Jumamosi na Kimeli. Mahindi yatoke kitandani kabla sijafika, siwezi kulala na panya. Yapange sebuleni mpaka hiyo Januari yako, tutapita upandeupande.

Gunia moja lirudishe varandani, karibu na dirisha, lile lililojaa vizuri. Kiti changu cha cherehani kilivunjika mguu siku ulipokisukuma, na nitahitaji mahali pa kukaa nikimalizia gauni la watu. Moja tu.

Nelima